Kitenge cha Kanada

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini mimi hupiga pasi blauzi. Ninazo mbili za kazi, na pasi yetu ni ya makaa, kwa hiyo kuna utaratibu wake: naitikisa kwanza nje majivu yatoke, naijaribu joto kwenye kitambaa kibovu, ndipo naiweka juu ya blauzi. Mama anajua kwamba wakati huo sipendi kusemeshwa. Hupita nyuma yangu na chai yake kimya kimya kama mtu aliye kanisani.

Siku hiyo nilikuwa nimefika kwenye kola vigelegele vilipolipuka uani kwetu. Kabla sijageuka, mlango ulikuwa umejaa akina mama wa kwaya, wote wamevaa kitenge kimoja, cha manjano chenye mbayuwayu wa buluu. Mmoja alinishika mkono, mwingine kiuno, wakanitoa nje wakiimba wimbo wenye jina langu ndani yake.

"Josiane anaenda! Josiane anaruka! Kanada ee, mpokeeni!"

Nyuma yao alikuwa Mzee Kasongo, fundi cherehani na mzee wa kanisa letu la hapa kambini Kakuma, futi yake ya kitambaa imening'inia shingoni.

"Maître Josiane!" aliniita, kama mawakili wanavyoitwa kwa Kifaransa, akiinama kama mbele ya jaji. "Bamama wote wameshavaa. Umebaki weye tu. Simama sawa, nipime bibi arusi wa Kanada."

"Mzee Kasongo, mimi bado..."

"Bado nini? Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Watu wengi wakinitazama kwa pamoja, maneno yangu hukimbilia mahali nisipopajua, nami hubaki nikitabasamu. Alinipima mabega, kifua, kiuno, akawa anaita vipimo kwa Kifaransa na akina mama wanacheka kwamba nitarudi nimenenepa kwa jibini. Mama yangu alisimama mlangoni katika kitenge hicho hicho. Alikuwa analia na kucheka, na mimi sikuwahi kumwona mama akifanya mambo hayo mawili pamoja. Ndipo harufu ya kuungua ilipotufikia. Nilikimbia ndani. Pasi ilikuwa imekula kola yote na kuanza kuingia begani.

"Acha iungue!" mama alisema kutoka nyuma. "Kule watakupa koti."

Sheria nilikuwa nimeitaka tangu nilipomaliza diploma yangu na kuanza kazi ya ukalimani. Mwezi huo vyuo viwili vilikuwa vimenikubali. Kimoja ni cha Montreal, ambako sheria hufundishwa kwa Kifaransa, chini ya mpango unaowachukua wanafunzi wakimbizi na kuwapa ukaazi. Baada ya kukaa huko mtu anaweza kumwombea mzazi wake amfuate. Cha pili ni cha Nairobi, shahada ya sheria ya Kenya, kwa ufadhili wa shirika moja. Vyote viwili vilitaka jibu kufikia Jumatatu ya wiki iliyofuata. Mama nilimweleza vyote viwili, jioni, tukichambua maharage. Alisikia kimoja. Jumapili iliyofuata alisimama wakati wa ushuhuda akaliambia kanisa lote kwamba Mungu amemfungulia binti yake Kanada, na nikiwa bado nimeinamisha kichwa kwenye benchi, akina mama walikuwa wameshaanza kunong'onezana rangi ya kitenge. Kwetu hapa mtu haondoki hivi hivi. Huagwa kwa sare, na sare ikishashonwa, safari imeshathibitishwa kuliko tiketi.

Mimi ndiye niliyekuwa sijathibitisha. Nilitaka Nairobi. Nilikuwa nimelitaka jambo hilo kwa nguvu iliyonishangaza mwenyewe, na sikuwa nimemwambia mtu.

Jumanne tulikwenda Lodwar mahakamani, mimi na wakili Bilha. Bilha ni mtu wa Vihiga aliyekaa Turkana miaka mingi, anasimamia kesi za wakimbizi, nami ndiye mkalimani wake wa Kirundi. Kwenye kizuizi cha polisi askari alimwamkia Bilha kwa furaha, wakaongea habari za mvua. Kisha akaniangalia mimi kwenye kiti cha nyuma.

"Na wewe? Kibali."

Nilimpa. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri, hata akitoka kwenda kuitumikia mahakama. Alikisoma mbele na nyuma, akakigeuza tena, akanirudishia.

"Sawa. Urudi, lakini."

"Anarudi na mimi, afande," Bilha alisema. "Kwani nitamwacha wapi, ziwani?"

Mshtakiwa wetu aliitwa Boris. Hakuwa amekaa Kakuma hata mwaka, na lugha yake ilikuwa Kirundi tu. Alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, kazi anayoijua ni uvuvi, na alikuwa amekamatwa Longech, kando ya Ziwa Turkana, akisaidia kuvuta nyavu za wavuvi wa Kiturkana, bila kibali. Alisimama kizimbani katika fulana iliyoandikwa jina la timu asiyoijua. Mimi nilisimama kando yake. Nafasi ya mkalimani ni hapo, nusu hatua nyuma ya mshtakiwa, na kazi yake ina kanuni moja kubwa: anasema "mimi" kwa niaba ya mwingine. Mtu akisema "niliogopa", nami nasema "niliogopa". Siongezi, sipunguzi, sipambi. Nimesema "mimi" ya watu wengi sana.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. "Muulize kwa nini alitoka kambini bila kibali."

Nilimuuliza. Boris alijibu kwa kirefu, akionyesha kwa mikono, nami nikafuata.

"Mheshimiwa, niliomba kibali. Nikaambiwa rudi wiki ijayo. Nikarudi, nikaambiwa rudi wiki ijayo. Mimi ni mvuvi. Nilisikia kwamba kuna ziwa. Nilitaka kuliona tu, halafu nikaona watu wawili wanavuta wavu vibaya."

Watu kwenye mabenchi walicheka. Hata karani alicheka. Kiongozi wa mashtaka, kijana aliyenyoa vizuri, alisubiri wamalize.

"Mheshimiwa, aulizwe kama anajua kwamba kambi iliwekwa kwa usalama wake mwenyewe. Na kama anaelewa kwamba yeye hapa ni mgeni."

Nilitakiwa nimgeukie Boris. Badala yake nilisikia sauti ikisema, kwa Kiswahili safi kabisa, "Mgeni hadi lini?"

Hakimu aliinua kalamu. "Amejibu nini?"

Boris hakuwa amefungua mdomo. Kila mtu alimwona hakufungua mdomo, alikuwa ananitazama mimi kama wengine.

"Mkalimani, hayo ni maneno ya nani?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna, mheshimiwa. Naomba radhi."

"Mkalimani hana maoni katika mahakama hii. Ukitaka kuuliza maswali humu ndani, nenda kasome, uje umevaa joho." Hakusema kwa hasira, na nadhani hakukusudia zaidi ya kunionya. "Tafsiri swali la kiongozi wa mashtaka."

Nililitafsiri. Boris alisema ndiyo, anaelewa, ingawa usoni hakuonekana kuelewa. Alionywa, akaachiliwa ili arudishwe kambini. Tulipotoka nje aliniuliza kwa Kirundi nilichokuwa nimesema mle ndani. Nilipomwambia alifikiri kidogo, akasema, "Lilikuwa swali zuri. Kwa nini hawakulijibu?"

Mchana Bilha alinipeleka kwenye kibanda karibu na soko kula samaki. Msichana aliyetuhudumia alitusalimu ejok, nami nikamjibu kwa Kiturkana, tukaongea naye mawili matatu, naye akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Bilha alisubiri aondoke, ndipo akaegemea mbele na kupiga meza kwa kiganja.

"Wee Josiane! Mwaka mzima nakubembeleza uongeze sauti. Mwaka mzima! Leo ndiyo umeamua? Mbele ya hakimu?"

"Samahani, wakili."

"Usiniombe samahani, nilikaribia kupiga makofi. Halafu nikakumbuka ni mimi nitafukuzwa." Alicheka hadi akajifuta macho. Kisha akawa mtu mwingine. "Sasa nisikilize kama dada yako. Nenda Montreal."

Nilikuwa na hakika kwamba yeye, angalau yeye, angesema vingine. Yeye ndiye aliyenisaidia kuomba Nairobi.

"Usinitazame hivyo. Ningekuwa wewe ningekuwa nimeshapanda ndege. Ukienda Nairobi utaomba kibali kila muhula. Utakaa darasani na watoto wa watu wakubwa watakaokuuliza kama Kakuma kuna umeme. Na ukimaliza yote hayo, ukaenda kuapishwa uwakili, kuna mabishano kama Mrundi anaweza kukubaliwa. Wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema la. Sikufichi. Unaweza kusoma miaka yote hiyo wakakwambia mlango ni ule pale."

"Basi kesi yangu ya kwanza itakuwa yangu mwenyewe," nilisema ndani ya bilauri ya maji.

"Unasemaje?"

"Nasema samaki ni mtamu."

Njiani kurudi niligeukia dirisha. Nilikuwa na hasira, na sikuizoea, kwa sababu mimi nikikasirika huwa nalia, na safari hii machozi hayakuja. Niliwaza kwamba watu wote wanaonipenda wanakubaliana. Mama, kanisa, Bilha. Wote wanataka niondoke mahali pale pale ninapotaka kubaki, na wote wana sababu nzuri kuliko yangu. Yangu ilikuwa nini? Nilijaribu kuipanga kwa maneno tukipita vilima vya mawe meusi na mbuzi wakivuka barabara kwa madaha. Niliyapanga, yakapangika vizuri, na tulipofika kwenye kizuizi askari akasema "Kibali", na nilipokuwa nakitoa kwenye mkoba nikajua kwamba sihitaji kuyapanga zaidi.

Mama alikuwa mwalimu huko kwetu. Baba hakufika Kakuma. Tulifika sisi wawili, mimi nina miaka saba, na kabla hatujapata hata mlango wa nyumba mama alikuwa ameshaanza kunifundisha Kifaransa kwa kuandika ukutani na kipande cha mkaa. Vitenzi vyote, jioni baada ya jioni. Nilipouliza kwa nini, wakati shuleni tunasoma Kiingereza na Kiswahili, alisema, "Utaona." Hicho ndicho kilichokuwa kinanifunga mdomo. Montreal ilikuwa imeandikwa ukutani kwetu tangu nikiwa mtoto, kwa mkono wake.

Ijumaa alasiri nilitumwa kwa Mzee Kasongo kujaribu gauni. Kibanda chake kiko kwenye njia ya maduka, cherehani mbili mbele, benchi moja pembeni. Nilikuta akina mama wa kwaya wamelijaa benchi na wengine wameketi chini kwenye kivuli, wanafanya mazoezi ya wimbo wa kuniaga Jumapili, mama yangu katikati yao. Juu ya meza ya kukatia kitambaa changu kilikuwa kimetandazwa, mbayuwayu wote wakielekea upande mmoja, na Mzee Kasongo amekwisha kukichora kwa chaki. Alikuwa ameshika mkasi.

"Ahaa, mwenyewe amefika. Nakata mbele yako, usije ukasema nimekuibia mkono."

Aliufungua mkasi.

"Usikate," nilisema.

"Nisikate wapi? Hapa kiunoni?"

"Usikate kabisa, mzee."

"Sasa utavaa nini? Ujifunge kama shuka?" Akina mama walicheka. "Wazungu watasema huyu ametoka kuoga."

"Sitavaa. Naomba usikate, kitambaa kisiharibike. Mwingine anaweza kukitumia."

Wimbo ulikatika vipande vipande, mama mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki mmoja mnene wa sauti ya pili, ambaye huimba amefumba macho. Alifumbua. "Kuna nini?"

Mama yangu aliinuka. Kiswahili chake ni kizuri, lakini kikimjaa moyo anakiacha. Alianza kwa Kirundi, mwana wanje, mwana wanje, yaani mwanangu, haraka haraka, mikono yake ikipigapiga hewa. Kwenye benchi lile wote walikuwa Wakongo, hakuna aliyeelewa.

"Anasema nini?" yule mama mnene aliuliza. "Josiane, tafsiri, bana! Si ndiyo kazi yako? Sisi tumeshona nguo, lazima tujue."

"Ndiyo, tafsiri," Mzee Kasongo alisema, mkasi bado wazi hewani.

Nilimtazama mama. Hakunikataza. Aliendelea tu, na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama kando yake nusu hatua nyuma na kuanza.

"Nilimfundisha Kifaransa kwa mkaa. Sikuwa na chaki, nilikuwa na mkaa. Watu walinicheka, wakasema huyu mama ni kichaa, anamfundisha mtoto Kifaransa Turkana."

"Mimi ndiye nilicheka," yule mama mnene alisema polepole. "Ni kweli."

"Nilijua siku moja mlango utafunguka. Umefunguka. Na huyu, huyu niliyembeba, anasimama mlangoni ananiambia anapenda kukaa ndani."

Mama hakunipa nafasi ya kupumua. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mimi nikaishusha yangu kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

"Mimi nimechoka. Nimechoka na jua hili. Nimechoka kupanga foleni ya maji, ya chakula, ya kupigwa picha. Nilikuwa mwalimu. Nilikuwa na dirisha lenye pazia. Kila anayeondoka namwimbia, nimewaimbia wote, na nikirudi nyumbani najiuliza nani atabaki wa kuniimbia mimi. Sitaki kufia hapa."

Mzee Kasongo aliufunga mkasi na kuuweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Mama aligeuka. Nadhani alikuwa amesahau kwamba nilikuwa natafsiri.

"Umewaambia hilo?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Waliuliza, mama."

"Hilo lilikuwa la kwangu na wewe."

"Dada Clotilde," Mzee Kasongo alimwambia mama, "hapa hakuna asiyelijua. Sisi wote ni hilo hilo."

Mama hakumtazama. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanyooka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliiona sura aliyokuwa akisimama nayo mbele ya darasa.

"Haya. Maneno yangu umeyamaliza, na umeyasema vizuri, hukuruka hata moja. Sasa ya kwako. Tangu utoto wewe ni kutabasamu tu, mtu hajui kama umekubali au umekataa. Sheria ya nchi inayokudai kibali hata ukienda Lodwar, ndiyo unayotaka kuisoma? Hiyo? Nijibu mbele yao hawa. Na usimtafsirie mtu."

Wote walikuwa wananitazama. Nilisikia tabasamu likija, kama kawaida, na nikalizuia.

"Ndiyo, mama. Hiyo hiyo," nilisema. "Nataka kuijua neno kwa neno, ile inayoniambia nikae wapi na nirudi lini. Sitaki kuikimbia. Sibaki kwa sababu ya huruma, wala Mungu hajanitokea ndotoni akaniambia nibaki, msije mkaniombea kwa hilo. Nataka tu. Nilikuja hapa nina miaka saba, nimeota meno ya mbele hapa, sina kwingine ninakokujua, na kila siku naambiwa mimi ni mgeni, nangoja kuondoka. Sikungoja kuondoka. Wewe ndiye uliyengoja, mama, na ulikuwa na haki, na najua nikikataa Montreal nakufungia mlango wako pamoja na wangu. Nimelijua tangu jioni ile ya maharage, ndiyo maana nilinyamaza. Nikasirikie. Usiniimbie Jumapili. Nitakuombea njia nyingine mpaka nizeeke. Lakini Jumatatu nawajibu Nairobi. Kanada siendi."